USHURU WA MWENYE NGUVU: MNYONGE AJIBU NINI?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyehalalisha biashara na akaharimisha riba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ambaye alifanya biashara kabla ya kupewa utume na akajulikana kwa uaminifu wake, na ziwafikie jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika darsa yetu ya hapa Isiolo, ambayo husomwa baina ya Magharibi na Isha, kijana mmoja alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu usiku ule ule. Alisema: "Sheikh wetu, mama yangu auza mitumba sokoni. Dada yangu yuko Mombasa, ashona suruali katika kiwanda, na suruali hizo zapelekwa Marekani. Ami yangu ni fundi cherehani hapa mjini, na kazi yake imekufa. Marekani ikizitoza ushuru mali zetu, serikali yetu ijibu vipi? Na katika hawa watatu wa nyumba moja, ni nani mwenye haki ya kulindwa?"

Tulimwambia kwamba swali lake lina mlango wa fiqhi, na mlango wa tarikhi, na mlango wa siasa, na asiyeipita yote mitatu atajibu kwa hasira tu. Basi tumelitazama kwa majuma kadhaa, na haya ndiyo tuliyoyapata. Twayaandika ili yasomwe na ndugu zetu wa pwani pia, kwani jambo hili huwagusa wao kabla ya kutugusa sisi wa bara. Mali nyingi ya nchi hii hupita mlangoni kwao.

USHURU NI NINI, NA NANI HUULIPA

Ushuru wa forodha ni fedha ambayo dola huitoza mali iingiapo katika nchi yake. Wengi hudhani kwamba Marekani ikitangaza ushuru juu ya nguo za Kenya, basi Kenya ndiyo ilipayo. Sivyo. Alipaye pale forodhani ni tajiri wa Kimarekani aliyeiagiza mali ile. Lakini tajiri huyo hakubali kula hasara peke yake. Sehemu humtia mnunuzi wa kwao kwa kupandisha bei, na sehemu humrudishia muuzaji wa kwetu kwa kumwambia, "Nipunguzie, ama nitanunua kwingine." Mwenye kiwanda akibanwa hivyo, naye huwageukia wafanyakazi wake. Ndivyo neno lililotamkwa Washington lifikavyo katika mshahara wa binti anayeshona Mombasa, na katika fedha amtumiayo mamake Isiolo.

Na dola huweka ushuru kwa makusudi matatu. La kwanza ni kutia fedha katika hazina. La pili ni kuifanya mali ya mgeni iwe ghali ili mali ya mwenyeji inunuliwe. La tatu ni kuufanya ushuru kuwa fimbo ya kumlazimisha mtu jambo lisilohusu biashara hiyo kabisa. Kila asikiapo habari za ushuru, yampasa mwenye akili aulize kwanza ni lipi katika haya matatu, kwani jawabu la moja silo jawabu la jingine.

SHARIA YASEMAJE

Wako wasemao kwamba ushuru wote ni haramu, kwa hadithi iliyomo katika Sunan ya Abu Daud inayomwonya vikali mtozaji wa "maksi". Wanavyuoni wameeleza kwamba maksi ni ile iliyokuwa ikitozwa kwa dhulma katika masoko, mtu akinyang'anywa sehemu ya mali yake bila ya haki wala kipimo. Ama ushuru wa mipakani kwa mali ya wageni, asili yake yajulikana tangu zama za Sayyidna Umar bin Khattab r.a., na kisa chake chafaa kuzingatiwa sana, kwani ndicho kisa cha swali letu.

Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, ameeleza katika Kitabul Kharaj kwamba Abu Musa al-Ash'ari alimwandikia Sayyidna Umar kumpa habari kuwa wafanya biashara wa Kiislamu wakiingia katika nchi za wasiokuwa chini ya dola ya Kiislamu, hutozwa sehemu moja katika kumi. Sayyidna Umar akamjibu kwamba naye awatoze wafanya biashara wa nchi hizo kama wao wawatozavyo Waislamu. Na watu wa dhima awatoze nusu ya hiyo. Na Waislamu awatoze dirhamu moja katika kila arubaini.

Tazameni jinsi jawabu lile lilivyopimwa. Hakusema awatoze mara mbili ili wajute. Alisema kama wao watozavyo. Kipimo cha kulipiza ni kile ulichotendewa, na kuzidisha ni dhulma hata juu ya adui.

Lakini kisa hakiishi hapo. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Umar huyo huyo, wafanya biashara wa Kinabati walipokuwa wakileta ngano na mafuta, aliwatoza nusu ya fungu la kumi, kwa kuwa alitaka shehena za vitu hivyo ziongezeke Madina. Na katika nafaka za jamii ya kunde akachukua fungu la kumi kamili. Basi mtu yule yule aliyelipiza mpakani, ndiye aliyeupunguza ushuru pale alipoona kuwa tumbo la raia lataka chakula. Alichokifuata katika hali zote mbili ni maslaha ya watu wake, na hakuwa na haja ya kumwonyesha mtu ukali.

Tena yuko Mkristo wa kabila la Taghlib aliyepita na farasi wake, na Ziyad bin Hudair, mtoza ushuru, akamtoza. Aliporudi katika mwaka ule ule akatakiwa alipe tena. Mtu yule akamwendea Umar kushitaki, na Umar akaandika kwamba asitozwe ila mara moja kwa mwaka. Hakuangalia dini yake alipotaka kumpa haki yake.

Na mwisho twamkumbuka Thumama bin Uthal, bwana wa Yamama, nchi iliyokuwa ikiwalisha watu wa Makka ngano. Aliposilimu aliwaambia Makureshi kwamba haitawafikia punje moja kutoka Yamama mpaka Mtume s.a.w. aruhusu. Wakashikwa na njaa, wakamwandikia Mtume kumkumbusha udugu. Watu wale ndio waliomzuia yeye na jamaa zake katika bonde la Abu Talib miaka mitatu, hawauziwi wala hawanunui. Juu ya hayo alimwandikia Thumama awaachie chakula chao. Katika kisa hiki mna mafunzo mawili: kwamba mwenye kitu kinachohitajiwa ana silaha mkononi, na kwamba silaha hiyo haielekezwi kwenye matumbo ya wanawake na watoto.

MEREKANI: SOMO LA BABU ZETU

Sasa tutazame tarikhi ya pwani yetu wenyewe. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta watu wafuma nguo zilizoitwa kwa jina la mji wao, nazo zikipelekwa hata Misri. Katika miji ya pwani vitanda vya mfumi vilikuwapo, na wafumaji waliheshimiwa.

Tarehe 21 Septemba 1833, Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba na Marekani kwa mkono wa mjumbe wao Edmund Roberts. Katika mkataba ule ilikubaliwa kwamba mali ya Wamarekani itakayoteremshwa katika bandari zake isitozwe zaidi ya asilimia 5. Mwaka 1837 akaja Unguja balozi wao wa kwanza, Richard Waters. Waingereza nao wakapata mkataba kama huo mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Marikebu za mji wa Salem zikaja na majora ya nguo nyeupe ya pamba isiyotiwa dawa, nguo imara na rahisi. Watu wakaipenda, ikapelekwa bara kwa misafara, ikawa kama fedha ya kununulia pembe. Jina lake mpaka leo wazee wetu walijua: merekani.

Hatusemi kwamba Sayyid Said alitaka kuwalinda wafumaji akazuiwa. Yeye mwenyewe alikuwa mfanya biashara, na mkataba ule ulimletea faida katika karafuu na pembe. Twasema hivi tu: hata lau yeye au wanawe wangetaka kuwalinda, mkono ulikuwa umekwisha fungwa kwa asilimia 5. Mlango wa nyumba ulikuwa wao, lakini komeo lilikuwa kwa mgeni.

Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka Marekani mwaka 1861, vikadumu mpaka 1865. Pamba ikaadimika na merekani ikapungua. Je, wafumaji wetu walirudi vitandani? La. Nafasi ile iliingiwa na nguo za Uingereza na za Bombay. Mnunuzi alibadilisha muuzaji, lakini hakuacha kuwa mnunuzi. Hili ni somo kubwa: mwenye nguvu akiondoka, nafasi yake haijazwi na mnyonge asiyejitayarisha, bali hujazwa na mwenye nguvu mwingine.

MITUMBA NA AGOA, 2016 HATA 2018

Mwaka 2000 Rais Clinton wa Marekani alitia sahihi sheria iitwayo AGOA. Kwa sheria hiyo nchi nyingi za Afrika zikaruhusiwa kuingiza Marekani mali nyingi, nguo zikiwamo, bila ya ushuru. Kutokana nayo vikasimama viwanda vya nguo Mombasa, Nairobi na Athi River, na makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wakapata kazi. Hatukatai kwamba hiyo ilikuwa neema. Lakini ilikuwa hisani yenye masharti, na sharti mojawapo ni kwamba nchi ipewayo isiweke vikwazo juu ya biashara ya Marekani.

Machi 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha wakaazimia kuiondoa mitumba ya nguo na viatu kidogo kidogo katika muda wa miaka mitatu, ili viwanda vya nyumbani vipate kuinuka. Rwanda ikapandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola mbili na nusu. Mwaka 2017 chama cha wafanya biashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikashitaki kwa serikali yao kwamba azimio hilo lawadhuru. Serikali ile ikaanza uchunguzi: je, nchi hizi zastahili kubaki katika AGOA?

Hapo ndipo ulipojulikana uzito wa azimio la Arusha. Kenya ilirudi nyuma mapema, ikaondolewa katika uchunguzi. Tanzania na Uganda nazo zikarudi. Rwanda ikabaki peke yake. Machi 2018 Rais Trump akaamua, na mwisho wa Julai mwaka ule nguo za Rwanda zikatolewa katika msamaha wa ushuru wa AGOA. Rais Kagame hakubadilisha neno.

Watu wengi huhadithia kisa hiki kwa kumsifu mmoja na kuwatukana wengine. Sisi twaona haifai kuhukumu hivyo upesi. Rwanda ilikuwa ikiuza nguo kidogo mno Marekani, kwa hiyo gharama ya msimamo wake ilikuwa ndogo. Kenya ilikuwa ikiuza nguo za mamia ya milioni ya dola, na nyuma ya kila shehena kuna wale mabinti. Mtu aliyeweka mguu mmoja katika dau la mwenzake hawezi kurukaruka kama aliye nchi kavu. Ujasiri wa dola hupimwa kwa kutazama ni kiasi gani cha mkate wake kimo mkononi mwa mwingine.

Wala Rwanda haikuvuna yote iliyoyataka. Mitumba mingine iliingia kwa magendo kutoka Kongo, na nguo mpya za rahisi kutoka Uchina zikachukua sehemu ya nafasi ile, kama zilivyofanya nguo za Bombay wakati wa merekani. Ukifunga mlango wa mbele na nyumbani hamna kilichopikwa, watu watakula kitakachopita mlango wa nyuma.

Na sasa turudi kwa yule kijana wetu. Kenya iliporudi nyuma, mama wa mitumba alisalimika, na dada wa kiwandani alisalimika. Aliyeachwa ni ami yake, fundi cherehani, na pamoja naye mkulima wa pamba. Hakuna jawabu lisilokuwa na mtu wa kulilipia. Kosa la watawala si kwamba walichagua. Kuchagua ndiyo kazi yao. Kosa ni kwamba aliyetolewa kafara hakuambiwa, wala hakupewa badala.

MWAKA 2025

Tarehe 2 Aprili 2025 Rais Trump alitangaza ushuru mpya juu ya karibu nchi zote. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zikawekewa asilimia 10. Lesotho, nchi ndogo iliyozungukwa na Afrika Kusini pande zote, ikatajiwa asilimia 50, kwa sababu hesabu ilifanywa kwa kutazama nchi ile yaiuzia Marekani kiasi gani kuliko inavyonunua kwake. Watu wa Lesotho hushona suruali za jinzi kwa ajili ya Marekani, lakini wao ni maskini, watanunua nini cha Marekani? Agosti ile ile ushuru wao ukateremshwa mpaka asilimia 15, lakini maagizo yalikuwa yamekwisha kupungua na watu wamekwisha kufukuzwa kazi, hata Julai serikali yao ikatangaza hali ya maafa. Yatazameni haya: lile neno la asilimia 50 tu, kabla halijatozwa sawasawa, lilikwisha kuleta madhara. Mfanya biashara huogopa kutokujua kuliko anavyoogopa ughali.

Kila nchi ikajibu kwa namna yake. Uchina ilijibu pigo kwa pigo, hata katika Aprili hiyo Marekani ikafika asilimia 145 juu ya Uchina, na Uchina asilimia 125 juu ya Marekani. Kisha Mei wakakaa Geneva wakateremsha. Uchina iliweza kwa kuwa ina vitu ambavyo Marekani haiwezi kuvipata kwa urahisi penginepo. Huo ndio mfano wa Thumama na ngano yake. Zimbabwe ilitangaza kuondoa ushuru wote juu ya mali ya Marekani kabla hata ya kuombwa. Nyingi katika zilizobaki, na Kenya mojawapo, zilinyamaza na kutuma wajumbe wa kuzungumza.

Na AGOA yenyewe muda wake ulifika tarehe 30 Septemba 2025 kabla ya Baraza la Marekani kuurefusha. Hata ikirefushwa mara ngapi, somo ni lile lile: kitolewacho kwa hisani huondolewa kwa kunyamaza tu. Wazee wetu wamesema nguo ya kuazima haisitiri. Na hapa ni nguo kweli kweli.

NA SISI NASI TUJITAZAME

Mtu asidhani kwamba dhiki hii hutoka Marekani tu. Watu wetu wa kaskazini huishi kwa mifugo. Mwaka 2000 Saudia, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa wa mifugo ya Pembe ya Afrika, ilizuia wanyama wa huku kwa kuogopa homa ya Bonde la Ufa, na Wasomali hawakufunguliwa mpaka mwaka 2009. Sababu ilikuwa ya haki, kwani maradhi yale huua watu. Lakini mfugaji mwenye mnunuzi mmoja aliona kwamba udugu wa dini haumfungulii bandari mtu asiyeweza kuonyesha cheti cha daktari wa mifugo.

Wala Kenya si mnyonge kwa kila mtu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa habari ya sumu ya kuvu, na malori yakakwama mipakani, mpaka siku chache baadaye ikafungua kwa masharti. Afya ya walaji ni haki kulindwa. Lakini mkulima wa Uganda aliyelala chini ya lori lake alituona sisi kama sisi tunavyoiona Washington. Anayetaka kusikilizwa na aliye juu yake naye amsikilize aliye chini yake.

JAWABU LETU

Baada ya hayo twasema, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba mnyonge ana njia nne, na kila moja ina mahali pake.

Kwanza ni kulipiza kwa kipimo. Sharia yaruhusu, kama alivyofanya Sayyidna Umar, lakini hailazimishi. Umar alilipiza kwa kuwa wale walihitaji masoko yake. Nchi ndogo ikipandisha ushuru juu ya mashine au dawa kwa hasira, huwapiga wagonjwa wake na mafundi wake. Watawala wamefungwa na maslaha ya raia, wala hawakupewa mamlaka ili watosheleze hasira zao.

Pili ni kuzungumza bila ya kujidhalilisha. Mtume s.a.w. alikubali Hudaibiya masharti ambayo masahaba waliyaona mazito, kwa kuwa aliona mbali. Kusubiri si woga ikiwa mtu asubiri huku akifanya kazi. Kusubiri kwa mikono mitupu ndiko kulikokatazwa.

Tatu ni kuwa na wanunuzi wengi. Mwenyezi Mungu aliwakumbusha Makureshi katika sura yao neema ya misafara miwili, mmoja wa kusi na mmoja wa kaskazi kwa lugha yetu ya pwani. Hakuwapa msafara mmoja tu. Kenya imefungua mkataba na nchi za Ulaya ulioanza kutumika Julai 2024, na Januari 2025 ikatia sahihi mkataba na Falme za Kiarabu. Na katika mwezi ule ule wa Machi 2018 Rwanda ilipohukumiwa, nchi 44 za Afrika zilitia sahihi mjini Kigali mkataba wa soko huru la bara zima, na biashara chini yake ikaanza rasmi Januari 2021. Karatasi ipo. Lakini karatasi ya Arusha nayo ilikuwapo. Ahadi ambayo watu watatu huikimbia kwa barua moja yafaa isiwekwe, kwani kuvunjwa kwake humfunza mwenye nguvu kwamba hatuna neno.

Nne, na ndiyo kubwa, ni kujitayarisha kabla ya siku yenyewe. Nabii Yusuf a.s. hakuanza kuweka akiba njaa ilipoingia. Aliianza katika miaka ya neema. Katika miaka mingi ya AGOA wengi wetu tulishona kwa kitambaa cha mgeni, kwa uzi wa mgeni na kwa ajili ya mgeni. Mashamba ya pamba ya pwani na ya magharibi yalibaki magugu. Lau tungekuwa tumepanda, tukasokota na kufuma, leo tungekuwa na mahali pa kurudi.

Hapa yafaa tuache kuwasema watawala tujiseme wenyewe. Ni nani aliyemwua yule ami? Si Marekani peke yake. Kanzu zetu za Idi twazinunua kutoka nje. Kofia ya mkono wa Lamu, iliyoshonwa kwa miezi, twaiacha kwa ile ya mashine kisha twajisifu kuwa sisi ni watu wa mila. Katika harusi twashindana kwa vitambaa vya ng'ambo mpaka mwenye harusi ahesabu deni kabla ya kuhesabu wageni. Israfu hii ni haramu hata pasipokuwa na ushuru.

Na mafundi wetu nao wasikie. Fundi wa kwetu akiahidi Ijumaa hutoa Jumatano ya pili, na mkono mmoja wa kanzu umezidi wa pili. Ahadi ya fundi ni ahadi kama nyingine, na kuivunja ni alama mojawapo ya unafiki. Hatuwezi kumwambia Mwislamu anunue kwa nduguye kwa sababu ya udugu tu, na nduguye amfanyia khiyana. Abdurrahman bin Auf alipofika Madina na kupewa nusu ya mali na nduguye wa Kiansari, hakuichukua. Alisema aonyeshwe soko, akaanza kwa jibini na samli, akatajirika kwa kazi na ukweli.

Tumemjibu yule kijana hivi. Mamako asinyang'anywe riziki yake ghafla, kwani hana nyingine, na kumwondolea bila ya badala ni madhara. Dada yako aifanye kazi yake kwa uaminifu, lakini ajifunze kukata na kupima pamoja na kushona mshono mmoja tu, ili siku kiwanda kikifungwa awe fundi kamili. Na ami yako ndiye wa kuanza naye sisi wenyewe, kwa kuwa kumsaidia yeye hakuhitaji ruhusa ya Washington wala ya Nairobi. Darsa yetu imeazimia kwamba kanzu na buibui za watoto wa madrasa yetu zishonwe hapa mjini, kwa fundi atakayetimiza siku na kipimo, na fedha itolewe kabla ya kazi bila ya riba. Kijana akauliza kwa sauti ndogo: "Na akichelewesha?" Tukasema atapewa onyo mara ya kwanza, na mara ya pili kazi apewe mwingine. Watu wakacheka, lakini ami yake alikuwapo, naye hakucheka. Alikuja baada ya Isha akaomba vipimo.

Kazi ile ni ndogo, haifiki kanzu mia. Haitamtisha tajiri yeyote wa Marekani. Twaitaja kwa sababu misikiti na madrasa za pwani ni nyingi kuliko zetu mara nyingi, na kila moja ina watoto wanaovaa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA DARSA

1. Kuna tofauti gani kati ya maksi iliyoharimishwa na ushuru aliouweka Sayyidna Umar r.a.?
2. Kwa nini Umar aliupunguza ushuru wa ngano na mafuta, na jambo hilo latufunza nini juu ya chakula na dawa?
3. Nafasi ya merekani ilijazwa na nani baada ya 1861, na kwa nini haikujazwa na watu wetu?
4. Kati ya Kenya na Rwanda mwaka 2018, ni ipi iliyofuata maslaha ya raia wake? Kila mwenye rai atoe hoja, wala asitoe matusi.
5. Katika mtaa wenu ni kitu gani kimoja ambacho mwanunua kutoka nje na yuko jirani awezaye kukitengeneza?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki za halali, atuondolee unyonge wa mikono na wa nyoyo, na awape viongozi wetu kuwahurumia walio chini yao. Wabillahi taufiqi.